Kabati la Vikombe

Mama wa jikoni kanisani kwetu, hapa Iowa, hupika kahawa nyepesi hata unaona chini ya kikombe, na hakuna Mlutheri anayethubutu kumwambia. Hufuta meza iliyokwisha kufutwa, kisha hufunga kabati kwa ufunguo, maana mchana Waeritrea husali humu humu. Jumapili iliyopita alirudi kufuata miwani yake, wakamkalisha wanywe naye kahawa yao. Kikombe cha kwanza, kidogo tu, kilimtoa machozi kwa ukali. Akainuka.

"Kaa, mama, bado viwili; kwetu mgeni hunywa vitatu," Abrehet, binti mwenye kuwapikia, akamwambia huku akimimina.

"Viwili tena! Mnataka nikeshe mpaka Jumatano?"

Alivimaliza. Kisha akamwona Abrehet akivifunga vikombe kwenye magazeti, avirudishe nyumbani kama kila wiki. Akafungua kabati, akasogeza vyake.

"Weka humu, mwanangu. Utavibeba mpaka lini?"