Kura Saba za Mtaa Mzima

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Kipaza, kwa sababu ya vipaza sauti viwili alivyofunga juu ya gari lake dogo la mizigo, na pia kwa sababu hata akiwa mezani kwake akiomba chumvi, majirani wa nyumba ya tatu walianza kuitafuta. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Mtoto amepotea, Kipaza. Maji yatakatika, Kipaza. Chanjo ya kuku imefika, Kipaza. Watu walimsikia kila siku na kila siku waliendelea na shughuli zao, maana nani amewahi kumpigia makofi mtu anayesema maji yatakatika?

Alikaa nyuma ya soko na mkewe, fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba cha mbele kilikuwa cha vitambaa, na wageni waliketi popote ambapo hapakuwa na pini. Chumba cha uani alikaa mama mkwe wake, mjane mwenye magoti mabovu na koo zima. Tulimwita Bibi Vigelegele. Kigelegele chake kilikuwa kitu cha kutisha. Kikitoka harusini, bwana harusi alinyooka mgongo hata kama alikuwa ameanza kujuta.

Basi mwaka wa uchaguzi ukafika kwa dalili zake zote: mashimo ya barabarani yakazibwa, na wakubwa wakakumbuka kuwa wana shangazi mtaani kwetu. Akaja kijana mmoja wa suti, Mratibu wa Kampeni wa mgombea urais. Huyo mgombea tulimwita Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyekumbuka alianza kuheshimiwa lini na kwa lipi.

"Tunataka gari lenye sauti," Mratibu alisema. "Na mtu mwenye uwezo wa kuwachangamsha wananchi wa ngazi ya chini."

Ngazi ya chini ndiyo sisi. Wao wako ngazi ya juu, na ngazi yenyewe huwa wanaivuta wakishapanda.

Kipaza akakubali, akapaka gari rangi ya chama, na siku ya mkutano wa kwanza akapanda jukwaani kuchangamsha uwanja kabla ya mgeni kufika. Akaweka muziki. Akatupa mizaha yake. Akaimba, akacheza na fimbo ya kipaza sauti kana kwamba ni mwali. Kisha akauliza, "Mpo?"

"Tupo!" uwanja mzima ukamjibu.

Mtu huyu alikuwa ametangazia mtaa miaka nenda rudi na hakuwahi kujibiwa hata na mbuzi. Sasa maelfu wakamjibu kwa pamoja, na sauti yao ikampiga kifuani. Akauliza tena, si kwa sababu alikuwa na shaka kama tupo.

Alirudi nyumbani macho yakimwaka.

"Mke wangu, habari imekwisha. Mheshimiwa ameshinda. Watu wamepanda mpaka juu ya mapaa!"

Mkewe hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Watu hupanda mapaa hata nyumba ikiungua," alisema.

Kipaza akawasha redio, kwa sababu mtu aliyeona ukweli kwa macho yake hana haja ya kubishana na mtu aliyeshika sindano. Isitoshe, redio ilikuwa upande wake. Kila jioni mchambuzi mmoja wa siasa, mwenye kikohozi cha watu waliosoma, alieleza kuwa ushindi haupatikani maofisini bali kwa hamasa ya wananchi, na kwamba hamasa ya Mheshimiwa haijawahi kuonekana. Mchambuzi mwenyewe hakuwahi kuonekana uwanjani, lakini hilo lilionekana ni jambo dogo.

Kipaza akaenda mbali zaidi ya mchambuzi. Akabuni elimu yake, ya vumbi. Mkutano ukiisha, alishuka jukwaani akatazama. "Vumbi likifunika viatu," alitueleza kwa kinyozi, mguu mmoja ukiwa juu ya kiti ili tuone ushahidi, "mtu ameshinda wilaya. Likifika magotini, ameshinda nchi." Siku hiyo lilikuwa limemfika kiunoni. Kinyozi akasema kwa kipimo hicho Mheshimiwa atatawala na nchi jirani. Kipaza akaitikia kwa kichwa, hakujua anataniwa.

Lakini fahari yake kubwa ilitoka nyumbani kwake. Bibi Vigelegele alihudhuria kila mkutano. Alibebewa kiti chake cha plastiki hadi mstari wa mbele, na Mheshimiwa alipopunga mkono, bibi alifumba macho, akafungua kinywa, na vipaza sauti vya mkwewe vikaonekana vya kuchezea watoto. Mpiga picha wa gazeti akamnasa hivyo hivyo, mikono juu, ulimi nje. Kesho yake picha ikatoka ukurasa wa kwanza: "Wananchi wa Kawaida Wamekwisha Amua."

Mratibu alikuja mbio, gazeti mkononi, karibu alie. "Huyu ndiye nchi!" alisema. "Huyu mama ndiye nchi yenyewe!" Picha ikawa bango. Bango likabandikwa kila nguzo, na moja Kipaza akalitundika sebuleni, juu ya cherehani, mkewe akawa anashona siku nzima chini ya kinywa cha mama yake mzazi.

Wiki iliyofuata akaja mgombea wa upande wa pili, uwanja ule ule. Kipaza aligoma kwenda. Alikaa uani akisafisha betri, akijiliwaza kwamba muziki wao unakwaruza. Ghafla akasimama. Juu ya kelele zote, juu ya ngoma na honi, kigelegele kikapaa.

Kigelegele hicho hakikuwa na mapacha.

Alikimbia. Akamkuta mama mkwe mstari wa mbele, kwenye kiti kile kile cha plastiki, kofia ya upande wa pili kichwani, mikono juu, ulimi nje. Na mpiga picha yule yule mbele yake, akimshukuru.

Ugomvi ulifanyikia nyumbani, mlango ukiwa wazi, kwa hiyo mtaa haukupata tabu.

"Mama, umenivua nguo hadharani!"

"Pole, mkwe wangu. Hebu keti kwanza."

"Siketi! Juzi umempigia Mheshimiwa vigelegele, picha yako iko kila nguzo. Leo umempigia adui yake!"

"Baba, wageni wakija unawanunia?" bibi aliuliza kwa upole, akifungua kamba za viatu. "Mtu ametoka mbali, ameleta turubai la kivuli, ameleta muziki. Mimi hapa nyumbani nasikiliza cherehani tu. Kigelegele ni cha mgeni. Kura ni yangu."

"Sasa hiyo kura utampa nani?"

"Ah. Hilo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza mara mbili."

Tangu siku hiyo Kipaza akaacha kusema naye. Si rahisi kumnunia mtu katika nyumba ndogo ambayo maji ya kuoga yako kwenye ndoo moja, lakini alijitahidi. Alimtumia ujumbe kupitia kwa mkewe, hali bibi ameketi palepale. "Mwambie mama yako chai imeiva." Mkewe akageuka: "Mama, chai imeiva." Bibi akajibu, "Mwambie mumeo nimesikia, na hata wa barabarani wamesikia." Mchana alikula ndani ya gari, madirisha yamefungwa, akitoka jasho kwa ajili ya taifa.

Na kampeni akaizidisha. Alizunguka mitaa yote akihimiza watu: hakikisheni majina yenu yamo, msipoteze haki yenu, kura yako ni sauti yako. Mpaka watoto wakaanza kuyaimba maneno hayo wakiruka kamba.

Siku ya kupiga kura Kipaza alivaa shati aliloolea. Alifika shuleni asubuhi na mapema akitegemea kukuta uwanja wa mkutano. Alikuta foleni. Watu walewale waliopanda mapaa walikuwa wamesimama kimya, mmoja nyuma ya mwingine, kama wagonjwa wanaosubiri kupimwa. Hakuna aliyecheza. Kipaza akajaribu, "Mpo?" Mzee mmoja akamtazama, akatazama mbele tena.

Zamu yake ilipofika, karani akapitisha kidole kwenye majina, akapitisha tena.

"Mzee, jina lako halimo hapa."

"Simo vipi? Mimi ni Kipaza!"

"Kipaza nakusikia kila siku. Lakini jina halimo. Ulijiandikisha wapi?"

Hapo akakumbuka. Alijiandikisha zamani, kule alikokulia, mwendo wa siku nzima kwa basi, na hakuwahi kuhamisha. Kila mtu aliyehimizwa na Kipaza kuhakikisha jina lake alikuwa ameliona. Asiyehimizwa alikuwa mmoja tu. Foleni ikaanza kukohoa, kile kikohozi cha watu wanaozuia kicheko, naye akatoka akipangusa shati lisilokuwa na vumbi.

Matokeo ya kituo chetu yalibandikwa kwenye mlango wa darasa. Mgombea wa upande wa pili: mia tatu na ushei. Mgombea wa tatu kwenye karatasi alikuwa bwana mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga mtaani kwetu, salamu zake tulizisikia redioni baina ya tangazo la sabuni na la dawa ya mende: kumi na mbili. Mheshimiwa wa mapaa, wa mabango, wa vumbi la kiunoni: saba.

Nchi nzima mambo yalikwenda kwa mwendo huohuo. Yule mchambuzi wa redio akakohoa, akaeleza kwamba alikuwa ameonya mapema kuwa hamasa si kura. Hakuna mtu aliyekumbuka onyo hilo, lakini lilielezwa vizuri sana.

Sasa, sisi ni watu wa utu. Mtaa ukamiminika kwa Kipaza kumpa pole. Mwuza nyama akawa wa kwanza.

"Pole ndugu yangu. Mimi nilimpa. Mungu shahidi."

Kinyozi naye alikuwa amempa. Mwuza mkaa alimpa yeye na mkewe. Mwalimu wa hesabu alimpa, na yeye kwa kazi yake angepaswa kujua anajiingiza wapi. Wakaja kina mama wa chama cha kuzikana, wote, na wote walikuwa wamempa. Kufikia mchana wale watu saba hawakuenea tena uani. Fundi cherehani alitoa viti, akatoa na mabenchi, na kila lango lilipogongwa alisema, "Karibu, karibu, saba mwingine huyo amefika."

Mratibu alipiga simu. Kipaza akaiweka kwa sauti kubwa, kwa mazoea.

"Tumeibiwa!" Mratibu alisema.

"Wakala wetu si alikuwa humo ndani?"

"Alikuwemo. Alisaini kwamba ni sawa."

"Sasa tumeibiwaje?"

"Hilo linachunguzwa," Mratibu akasema, na simu ikakatika. Hakupiga tena, wala rangi ya gari hakurudi kuikwangua.

Ndipo mwuza nyama, kwa nia njema kabisa, akammalizia. "Lakini Kipaza, ulituburudisha! Ile siku ya kwanza, ulivyocheza na ile fimbo! Mimi nilifunga bucha kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya Mheshimiwa," Kipaza alisahihisha.

"Ah, yule! Yule alipoanza kuhutubia si ndipo sisi tukaanza kuondoka?"

Kipaza alitazama viatu vyake. Alikuwa akiliona vumbi lile upya, likipanda uwanjani, na sasa alijua ni nyayo za nani zilizolitimua, na zilikuwa zinaelekea wapi. Alikuwa amepima kwa makini vumbi la watu wanaokwenda zao.

Ni jambo gumu kufurahia, na ni jambo gumu kulilia: kuambiwa maelfu walikuja kwa ajili yako, siku ambayo huna tena jukwaa. Aliwaaga wageni, akawashukuru wote saba, akaingia chumba cha uani.

Bibi alikuwa kitandani akijipaka dawa ya magoti.

"Mama," Kipaza alisema. Lilikuwa neno la kwanza baina yao tangu ugomvi. "Mimi sikupiga kura. Sikuwemo."

"Najua, baba. Hata watoto wa kamba wanajua."

Kipaza akacheka bila kutaka. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki.

"Sikuulizi wewe ulimpa nani."

"Vizuri. Usiniulize." Akafunga kopo la dawa. "Ila nikiwa mle ndani nilijisemea, huyu mkwe wangu amekula ndani ya gari na joto lote lile. Asije akaona sifuri."

Kipaza alimtazama. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoambiwa uani tangu asubuhi na watu wasiokwisha, na hakuwa na njia ya kuyapima. Akaamua kuyaamini. Akamwomba radhi, akamsaidia kuinua miguu kitandani, na siku hiyo chai alimletea mwenyewe bila mkalimani.

Miezi ikapita. Bwana mmoja akafungua duka la magodoro karibu na stendi, akamkodi Kipaza siku ya ufunguzi. Kipaza hakubadilika: akaweka muziki, akacheza, akauliza kama tupo. Tukamjibu. Watu wakajaa hadi barabarani, magari yakashindwa kupita, vijana wakaruka juu ya magodoro ya maonyesho na viatu vyao. Mwenye duka alisimama mlangoni akitetemeka kwa furaha.

"Unawaona?" alimpigia Kipaza kelele sikioni. "Unawaona watu hawa? Magodoro yataisha leo leo! Niagize lori jingine!"

Kipaza akazima kipaza sauti kwanza, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya.

"Bosi," alisema kwa sauti ya mtu wa kawaida, "hebu subiri kwanza jioni."

Lakini mwenye duka alikuwa ameshatoa simu, anaagiza. Kipaza akashusha pumzi, akawasha tena, akaongeza muziki.