Mihogo Kwenye Uwanja wa Ndege

Leo uwanja wa ndege umenilipizia kisasi! 🙌🏾

Wenye hamjui: mume wangu alipofariki, kaka yake ndiye aliyetugawia shamba hapa Kisoko. Akajipa bonde lenye rutuba. Mimi akanipa kipande cha uwanja wa ndege uliojengwa na Waingereza wakati wa vita vya pili vya dunia.

Ndege ziliondoka zamani. Imebaki changarawe iliyoshindiliwa. Ukipiga jembe, linakurudia usoni.

"Ungoje ndege ikuletee chakula," akaniambia. Majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Haya.

Wiki hii mvua imetunyeshea bila huruma. Mihogo ya watu iliyomenywa na kuanikwa imelala uani kwenye matope, haikauki ng'o. Kwangu? Maji yanateremka yenyewe, jua likichungulia tu pamekauka kama meza. Mihogo yangu, ile ninayonunua mbichi na kuimenya, nyeupe pe!

Leo mnunuzi amekuja na lori kutoka Busia. Akabeba yangu yote. Ya shemeji akaikataa, bado ina maji.

Sasa nani huyo anakuja kwangu na magunia, gambuti zimejaa tope?

"Shemeji, naomba kanafasi ka kuanika."

Semeni ukweli, nyinyi mngemjibu nini? 😂

Mimi nilisema, "Karibu, shemeji. Lakini hapa tunaanika chakula. Vua gambuti."

Akainama, akazivua, mbele ya majirani walewale.