Siku Kumi na Moja za Skrini Iliyozima

Binamu yangu aliacha shule kidato cha pili. Mimi nina digrii ya sheria. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia kila asubuhi nikiwa bado kitandani nyumbani kwa mama, hapa mtaa wa Waberi mjini Garissa, nikisikia honi ya gari lake langoni.

Gari lenyewe halikuwa la ajabu. Lilikuwa jeupe, limetumika Japani miaka kadhaa kabla ya kuletwa Mombasa na kisha huku kwetu. La ajabu ilikuwa skrini iliyokaa katikati ya dashibodi, pana kama sinia ya kubebea chai. Kila kitu kilikuwa humo: redio, simu, kamera ya nyuma, hata vitufe vya kiyoyozi. Mama, ambaye ni shangazi yake, aliunganisha simu yake siku ya kwanza tu na mawaidha yakajaa gari zima. Tangu hapo alianza kuweka shela moja safi kando, ya kupandia gari. Alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na madumu ya maziwa.

Biashara ya binamu ilikuwa maziwa ya ngamia. Aliyachukua alfajiri upande wa Balambala na kuyafikisha mjini kabla hayajachacha, na kwa sababu hiyo kiyoyozi kwake hakikuwa starehe. Nililijua hilo. Nataka lieleweke kwamba nililijua.

Siku ya kununua nilikuwepo. Muuzaji alikuwa mtu wa Mombasa, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na maneno mengi. Aliyewakutanisha alikuwa dalali mmoja mzee ambaye maisha yake yote aliuza ngamia, hadi alipoona magari hayahitaji malisho. Alilileta soko la mifugo ndani ya biashara ya magari bila kubadilisha chochote. Bei ilipatanwa kimya kimya, mkono wa binamu na mkono wa muuzaji chini ya shali ya dalali, vidole vikiminyana kutajiana bei. Muuzaji alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka. Na binamu alilikagua gari kama anavyokagua ngamia: aliinama akatazama tumbo, akabonyeza magurudumu yote manne, akafungua boneti akanusa, akalisikiliza likipumua. Skrini hakuigusa. Ilikuwa inawaka, na ilikuwa asubuhi, bado kuna ubaridi.

Kwenye karatasi ya mauzo muuzaji aliandika kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo. Dalali aliongeza sharti lake kwa mdomo, lile lile la sokoni: mnyama akionyesha ugonjwa ndani ya siku tatu, useme. Ukinyamaza, ugonjwa ni wako.

Siku ya pili, saa nane mchana, jua la Garissa likiwa limekaa juu ya kioo cha mbele, skrini ilizima. Ikawaka, ikaandika maneno ya Kijapani kwenye mandhari nyekundu, ikazima tena. Kiyoyozi kikabaki kikipuliza hewa ya moto, maana kitufe cha kukibadilisha kilikuwa ndani ya ule weusi. Binamu alinitumia ujumbe wa sauti.

"Walaal, ndugu yangu, wewe ndiye umesoma. Hii kitu imekufa macho. Nimwambie muuzaji sasa hivi ama ningoje? Sheria inasemaje?"

Sheria ilikuwa inasema vizuri kabisa. Niliifahamu bila kufungua kitabu. Anayeuza bidhaa kama kazi yake anawajibika iwe ya ubora unaokubalika na iifae kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Maneno "jinsi lilivyo" yana mjadala: je, yanaweza kufunika kasoro ambayo hakuna mtu angeiona asubuhi yenye ubaridi? Mnunuzi anaweza kulirudisha gari, au kulishika na kudai gharama ya kulitengeneza, na wakikosa kuelewana kuna mahakama ya madai madogo ambayo haihitaji wakili. Lakini akikaa nalo muda mrefu, akiliendesha bila kusema neno, sheria itamhesabu kwamba amelikubali. Haki ya kurudisha inamponyoka mikononi. Kwa hiyo jibu lilikuwa fupi: mwambie leo, kwa maandishi.

Nikabonyeza kitufe cha sauti na kusema, "Ngoja kwanza. Usimwambie mtu. Niache nisome."

Sikusoma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile, na kila mara natamani nipate sababu ya heshima. Labda nilitaka kuwa na uhakika? Hapana. Nilitaka skrini ibaki nyeusi. Nilitaka mama apande gari lenye joto kama la watu wengine, atoke amelowa jasho na asiseme tena, "Mtoto wa kaka yangu, Allah amzidishie." Nilipokuwa chuoni alikuwa akiniombea mimi dua hiyo. Nilihitimu, nikarudi na cheti, nikatuma maombi ya kazi hadi nikaacha kuyahesabu, na polepole dua ikahamia nyumba ya pili.

Siku zikaenda. Binamu aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza nikamwambia suala ni gumu. Mara ya pili nikamwambia kuna vifungu vinavyogongana. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mgonjwa mbele ya daktari. Dumu zima la maziwa lilichacha siku moja njiani, akalimwaga mbele ya lango letu. Nilisimama dirishani nikaona, na kitu ndani yangu kikashiba.

Siku ya kumi na moja tangu gari linunuliwe ilikuwa Alhamisi, siku ambayo binamu humpeleka mama kwa dada yake. Mama alikuwa ametoka na shela yake safi. Binamu alianza kurudi nyuma kwenye ua, macho kwenye skrini, ambayo asubuhi ile ilikuwa imewaka vizuri. Ilionyesha ua mtupu. Ilikuwa picha iliyoganda, ya dakika kadhaa zilizopita, kabla mama hajatoka nyumbani. Nilisikia mitungi ya maji ya plastiki iliyokuwa nyuma ya gari ikipasuka. Mama alikuwa amesimama pale pale, kisha akakumbuka miwani yake na kurudi hatua tatu mlangoni. Hatua tatu tu.

Alicheka yeye mwenyewe. "Gari yako inakuonyesha ua wa jana!" alimwambia binamu. Mimi sikuweza kucheka.

Binamu hakungoja tena jibu langu; Jumamosi tulikaa dukani kwa dalali, karibu na soko la mbuzi. Muuzaji alikuwa amefika na gari jingine la mteja. Kwa sababu yake mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiswahili badala ya Kisomali chetu.

"Bwana, mie sikatai," alisema muuzaji. "Kioo kikiharibika kinaharibika. Lakini leo siku ya ngapi? Na sharti aliliweka nani? Si huyu mzee wenu?"

Dalali alimgeukia binamu. "Adeer, kijana wangu, siku tatu nilisema. Wewe uliona ugonjwa lini?"

"Siku ya pili."

"Ulimwambia nani?"

Binamu alitazama kikombe chake cha chai. Akakizungusha kwenye sahani yake. "Ni makosa yangu," alisema. "Nilinyamaza."

Hakunitazama hata kidogo. Na mimi nilielewa kwamba jambo limeisha: nikikaa kimya, gari litabaki na macho yake mabovu, yeye atabeba hasara, na hakuna atakayejua. Mambo yote niliyokuwa nimeyataka yalikuwa mezani. Kisha nikawaza zile hatua tatu.

Nilitoa simu. Nikauweka ujumbe wake usikike, pamoja na tarehe yake, kisha wangu. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyoidhani: ngoja kwanza, usimwambie mtu.

Muuzaji alikuwa wa kwanza kuguna. Dalali alivuta kiti chake karibu na changu.

"Mwanasheria. Siku kumi na moja ulikuwa unasoma kitabu gani? Kilikuwa kinene?"

"Sikuwa nasoma."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Nilirudisha simu mfukoni. Nadhani aliliona jibu usoni mwangu, kwa sababu aliacha kutabasamu. Akamwambia muuzaji kwamba malalamiko yalizaliwa ndani ya siku tatu; kama aliyekabidhiwa kuyafikisha aliyalalia, huo ni uovu wa ndugu wa mnunuzi, na haumponyi mnyama. Muuzaji alibishana kidogo, kisha akakubali kufunga skrini mpya kwa gharama yake. Na mimi? Dalali alinipa kalamu. Niliandika, mbele yao, sharti jipya la mauzo yake: kila gari lijaribiwe saa nane mchana, juani, injini ikinguruma, kila kilicho kwenye skrini kikiguswa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya sheria na hakuna aliyenishukuru.

Nje nilimuuliza binamu kwa nini hakunitaja.

"Walaal, mimi naona alama za bluu kwenye simu," alisema. "Ujumbe wangu uliusikiliza dakika ile ile. Mtu wa sheria anajibu haraka hivyo halafu anakosa jibu siku kumi na moja?" Akafungua mlango wa gari. "Nilijua. Lakini wewe ni mtoto wa eedo, shangazi yangu. Panda."

Hapo ndipo nilipouona wivu wangu ulivyo mkubwa. Nilikuwa nimemwonea wivu wa gari, na wa dua za mama, na sasa nilimwonea wivu hata wa ule ukimya wake mbele ya kikombe. Sikuwa na kitu kama hicho, na hakifundishwi darasani.

Skrini mpya inafanya kazi, hata mchana wa saa nane. Alhamisi iliyopita mama alikaa mbele na mawaidha yake, mimi nyuma na madumu. Kamera ilionyesha ua wote, safi, kila jiwe. Binamu hakuitazama. Aliweka mkono juu ya kiti cha mama, akageuza shingo yake yote kutazama nyuma kwa macho yake mwenyewe, na kwa kuwa nilikuwa katikati, alinitazama mimi kwanza.