Tairi Nililomshonea Mkwe

Siku ile tulikuwa wanne nyumbani kwangu Lizaboni. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye tangu tulipobaki wajane wote wawili. Jirani yetu, mama wa Tunduru, mke wa mwuza korosho, ambaye alikuja kurudisha ungo. Na mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, anayelima Matogoro. Majina yao ninayo yote, na ya wazazi wao pia, lakini siyaandiki. Ni watu wenye soni na bado tunaonana.

Mkwe alitoka Majengo kununua mbolea. Mahindi yao yalikuwa yamefika magotini, na mvua haingoji mtu. Alifunga mfuko kwenye keria ya baiskeli yake, akasema apite kunisalimia, na karibu na kwangu tairi la nyuma likakanyaga chupa iliyovunjika. Lilichanika ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole, tyubu ikachungulia kama utumbo. Fundi wa pale kona alikuwa amekwenda msibani.

Sasa, sisi tuliolelewa zamani, mama mkwe na mkwe wa kiume hawazungumzi ana kwa ana. Alichuchumaa kule kibarazani, macho chini: "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba nikiwa nimempa mgongo, basi. Neno lingine lolote hupita kwa mtu wa kati, na mtu wetu wa kati ni wifi.

"Mwambie hiyo baiskeli iletwe huku uani," nikamwambia.

"Uifanye nini, uipike?"

"Ilete tu."

Mimi shule yangu ni darasa la nne, lakini baiskeli naijua. Mume wangu alibebea ndizi miaka mingi na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia gurudumu. Nilitoa tairi kwa mipini ya vijiko viwili. Juu ya paa la jiko kulikuwa na tairi kuukuu la kuzuia bati lisiezuliwe na upepo. Nikakata kipande kwa panga, nikakipunguza kingo, nikakilaza ndani kati ya tyubu na mpasuko. Jirani akakimbia kwake kuleta shazia yake ya kushonea magunia. Nikafumua uzi wa kiroba, nikausokota, nikashona mpasuko wenyewe. Mwisho nikazungushia tyubu ya zamani iliyokatwa utepe, nikakaza tairi na rimu pamoja. Utepe ukiwa pale breki haina pa kushika, kwa hiyo breki ya nyuma nikailegeza kabisa.

Marehemu alikuwa akisema, tairi la kushona ni la kukokota, si la kupanda. Baiskeli ya namna hiyo unaisukuma mpaka kwa fundi. Ukiipanda, iwe tupu na iwe tambarare. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, nimpe wifi alipeleke.

Jirani akaliminya tairi kwa vidole. "Mashallah! Bibi, hili litafika Tunduru na kurudi."

Na wifi naye, mtu wa maneno tangu ujana, akapaza sauti kuelekea kibarazani: "Mkwe, njoo uchukue farasi wako! Mama yako amekushonea kama gunia la karanga. Ukikokota hii utakuwa umemtukana!"

Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wao. Sifa ni tamu, na kwa umri wangu haziji kila siku. Neno la marehemu nikalimeza.

Alifunga mfuko wake, akapanda. Hapo moyo ukanidunda, nikatoka mpaka barabarani nimtazame. Alienda polepole. Pale kwenye kona, kabla mteremko haujaanza, akageuza kichwa akaniona. Nikadhani ananishukuru. Akageuka mbele, akateremka na mbolea yake.

Jioni binti yangu akapiga simu. Uzi ulikatika katikati ya mteremko, mumewe amevunjika mtulinga. Mbolea ile binti yangu aliiweka shambani baadaye peke yake, mtoto mgongoni, na mahindi mengine hayakuipata kwa wakati.

Tulikwenda Matogoro mimi na wifi. Mkwe alikaa nje ya mlango, mkono umefungwa kwa kanga ya mkewe. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta.

"Muulize anaendeleaje."

"Mwambie mama naendelea vizuri."

"Muulize kwa nini hakushuka kwenye baiskeli kule juu, kabla ya mteremko."

"Mwambie mama nilikuwa nataka kushuka. Nilipogeuka nikamwona amesimama barabarani anaitazama kazi yake. Nikaona aibu kushuka mbele yake."

Nikangoja wifi alilete neno hilo. Wifi akatikisa kichwa. "Umelisikia mwenyewe. Hili mimi silibebi."

Basi nikasema mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu: "Baba, nilisimama kwa hofu. Nilijua halitafika."

"Hata mimi nilijua, mama," akajibu, akitazama chini.

Mfupa umeunga, ila bega moja limeshuka. Jembe siku hizi analiweka bega la pili, nami kila nikimwona analihamisha natazama pembeni, na watu husema bibi huyu ana heshima kwa mkwe wake.

Wifi hushikilia kwamba nilikwisha kurudi ndani kabla hajafika kwenye kona, kwamba mkwe alimwona mwanamke mwingine, mpita njia. Mimi nakumbuka vumbi la barabara miguuni mwangu. Majina huwa sikosei, lakini mambo mengine uzee unayachanganya. Kama ulipita njia ile siku ile ukaona aliyesimama pale, nisahihishe. Nitashukuru kuambiwa nimekosea.