Uso wa Kupeleka Mashuuru

Niliacha shule kidato cha pili, na hadi leo sijui kama ni karo iliyonishinda au ni miguu yangu. Niliuza mitumba Kajiado, nikaosha vyombo katika hoteli moja ya Kiserian, nikachuma maua, na kila nilikofika niliuliza maswali mpaka watu wakanikimbia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Kitengela, katika chumba cha mabati cha mtoto wa mama mkubwa, ambaye nilimwita dada. Yeye alikuwa mtu wa kutulia. Alishona kola katika kiwanda cha nguo, na alikuwa amempata mwanamume.

Mwanamume mwenyewe alikuwa Mmaasai wa Mashuuru aliyeuza dawa za mifugo karibu na stendi. Alikuwa mpole, anacheka kwa mabega bila kutoa sauti. Walikuwa wameketi pamoja Jumapili nyingi, soda mbili mezani, kabla hajasema kwamba mama yake anataka kumwona dada. Tangu siku hiyo dada hakulala vizuri. Aliwahi kuchumbiwa mara moja, mama wa yule kijana akamkataa, na mambo yakaishia hapo.

“Huyu nikimpoteza, sitafuti mwingine,” aliniambia akipiga pasi, na nikajua hatanii.

Tukaenda kwa mwenye saluni. Alikuwa mama wa kutoka magharibi mwa Kenya, ameolewa mara mbili, kwa hiyo tulimhesabu kuwa mtaalamu.

“Sikiza, msichana wangu,” alisema huku akivuta nywele za mteja mwingine. “Ukifika kwa watu, usikule kama umetoka jela. Onja. Sema umeshiba. Hata kijana akikununulia kuku, mguu mmoja unabaki kwa sahani, hiyo ndiyo heshima.”

“Na nikiwa na njaa?” dada aliuliza.

“Njaa ni yako. Sahani inaonwa na watu.”

Kisha akageukia uso wa dada. Kila usiku, alisema, dada aoshe uso kwa maji moto na sabuni, asuuze, aoshe tena, halafu ajipake gliserini iliyochanganywa na maji ya ndimu. Mafuta yoyote mengine alikataza kabisa. “Mafuta ni ya kukaanga,” alisema. “Ukipaka usoni unaota chunusi, na mama mkwe anahesabu chunusi.”

Dada alifuata kila neno. Tatizo ni kwamba maji yetu ya Kitengela yalitoka kisimani na yalikuwa na chumvi. Sabuni iligoma kutoa povu, ikaacha utando mweupe. Ongeza ule upepo mkavu wa uwandani. Baada ya wiki chache ngozi yake ilikuwa imevutika kama ngoma, na kandokando ya pua ilikuwa ikitoka magamba madogo. Nilimuuliza mwenye saluni kwa nini.

“Ile mbaya inatoka ndio nzuri ikuje,” alijibu. “Na wewe maswali yako yatakuzeesha.”

Siku ilipofika nilikwenda na dada, kwa kuwa msichana haendi peke yake nyumbani kwa mwanamume. Sisi na mwanamume tulipanda pikapu iliyokuwa inapeleka dawa za kuogeshea ng’ombe, ambayo ingeturudisha kesho yake. Mvua ilikuwa imekataa mwaka ule. Njia nzima ng’ombe walisimama wakitazama ardhi kana kwamba wamesahau jambo.

Mama yake mwanamume alitupokea mlangoni, mrefu, kichwa kimenyolewa kikang’aa. “Takwenya,” alitusalimu kwa Kimaa.

“Iko,” tuliitikia, tukainamisha vichwa akavigusa, kama tulivyofundishwa na mwanawe. Nikamwona dada akishusha pumzi.

Halafu ikaja chai, nzito kwa maziwa, na baada yake mbavu za mbuzi. Dada alilowesha midomo akaweka kikombe chini. “Asante mama, nimeshiba.” Akachukua kipande cha nyama kama kidole, akakishika tu. Mama alimsogezea kikombe. Dada akatabasamu, akatikisa kichwa. Mama akamwambia mwanawe jambo kwa Kimaa, na huyo akakuna shingo.

“Anauliza kama wewe ni mgonjwa,” alisema.

“Hapana! Nimeshiba tu.”

“Ameuliza pia kama chai yetu iko na shida.”

Mimi nilikuwa nimemaliza kikombe cha pili. Mama alinielekezea kidevu. “Huyu mwembamba anakunywa kama ndama,” alimwambia mwanawe kwa Kiswahili chake. “Si ungeleta huyu?”

Watu wote walicheka isipokuwa dada. Aliniangalia kwa macho ya kuomba msaada, na mimi nilikuwa na mfupa mdomoni.

Jioni mwanamume alikwenda kulala kwa kaka yake, tukabaki na mama kando ya moto. Dada alitoa sabuni na kichupa chake. Hakuwahi kulala bila kuosha uso, na usiku huu ndio aliona anahitaji zaidi kuuosha.

“Mama, naomba maji ya moto kwa karai.”

Mama alimimina maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki, akayapasha moto. Dada akasugua uso, akafungua mlango, akamwaga nje. Akarudi povu likiwa bado mashavuni.

“Naomba kidogo tena, ya kusuuza.”

Mama aliinua mtungi akauinamisha. Yaliyotoka hayakufunika chini ya karai. “Hii ilikuwa ya asubuhi,” alisema. Hakukasirika, alisema kama mtu anayekuonyesha mlango ulipo.

“Maji mnatoa wapi?” niliuliza.

“Mbali. Mimi na punda.”

Dada alisimama pale, sabuni ikimkaukia. Nilidhani atalia. Badala yake aliketi chini, karibu na magoti ya mama.

“Nisamehe, mama. Sikujua. Na pia niko na njaa. Niko na njaa tangu mchana. Niliambiwa mgeni wa heshima hakuli.”

“Nani anasema hiyo?”

“Mama wa saluni.”

“Saluni ni nini?”

“Nyumba ya kutengeneza nywele,” nilieleza.

Mama alijipapasa kichwa chake kitupu. Kisha akaanza kucheka, akajipiga paja, akacheka mpaka akashika nguzo. “Nywele inajua nini juu ya tumbo?”

Alimpa nyama yote iliyobaki, akamtazama akila mpaka mwisho. Alipomaliza, mama alichukua kichupa cha ndimu, akanusa, akakunja uso. “Hii ni ya kuua kupe?” Akakiweka mbali. Akafuta lile povu kwa ncha ya shuka, polepole, akachota mafuta ya kondoo kwenye kopo, akayayeyusha kiganjani mbele ya moto, na kumpaka dada kwenye paji, mashavuni, kandokando ya pua palipokuwa na magamba.

“Uso si sufuria,” alisema. “Usisugue.”

Asubuhi niliamka nikawakuta uani. Mama alikuwa amefunga mitungi juu ya punda, na kamba ilikuwa mkononi mwa dada. Mwanamume alifika akitafuna mswaki wa mti, akasimama.

“Yeyo, pikapu inakuja saa hii,” alimwambia mama yake.

“Itangoja,” mama alijibu.

Mimi niliwafuata kwa sababu nilitaka kuona hayo maji. Uso wa dada ulikuwa uking’aa kwa mafuta na vumbi lilikuwa limeshaanza kuushika. Mbele kidogo punda aligoma. Dada akamgombeza kwa Kikamba, maneno ambayo nyumbani kwetu tunawaambia punda tangu utotoni, na punda akaondoka. Mama akageuka, akauliza maneno yale yanatamkwaje. Dada akamtamkia. Mama akajaribu, akakosea, wakacheka, wakaendelea mbele wakiwa bega kwa bega, na mimi nikabaki nyuma nikikimbia kidogo ili nisikie.