Sahihi Mbili kwenye Mgongo wa Korido

Ofisi nzima ilimwita Korido, maana maisha yake ya kazi yalikuwa pale: hatua arobaini na mbili za zulia jekundu, kutoka mlango wa Rais hadi mlango wa Waziri Mkuu. Wakubwa hao walitoka vyama viwili vilivyounda serikali moja shingo upande, na tangu mwezi wa tatu walikuwa wakizungumza kwa mafaili tu. Tarishi wa kuyabeba ndiye huyo, na kila alikoingia aliulizwa neno lile lile: "Amesemaje?"

Alhamisi moja alibeba karatasi yake mwenyewe. Bintiye wa pekee alikuwa anaolewa Jumamosi, mwendo wa siku nzima kwa basi, na basi lingeondoka kesho yake alfajiri. Kwa kuwa alitumikia ofisi zote mbili, likizo yake ilitaka sahihi za wakubwa wote wawili.

"Aanze yeye, mimi ndiye ninayeidhinisha mwisho," alisema Rais bila kuinua macho.

"Aanze yeye," alisema Waziri Mkuu. "Mimi si karani wake."

Korido akaenda na kurudi mara saba. Mara ya nane miguu ikagoma, na roho nayo ikagoma. Akaketi katikati ya zulia, mafaili mapajani, akampigia mkewe simu.

"Mama watoto, mwambie binti asilie. Nakuja."

Alikuwa anadanganya.

Saa kumi jioni milango yote miwili ikafunguka, kila mkubwa akitafuta faili lake. Wakatazamana, wakakohoa, kisha wakamtazama aliyekaa chini.

"Unaumwa?" aliuliza Rais.

Korido akanyoosha karatasi. Wakainama kuisoma, vichwa nusura vigongane.

"Binti anaolewa keshokutwa, na hukutuambia?" alisema Waziri Mkuu.

"Waheshimiwa, habari zangu hamjawahi kuniuliza. Huwa mnaniuliza za mwenzenu tu."

Rais akatoa kalamu, Waziri Mkuu naye akatoa yake. Meza haikuwepo, basi Korido akainama akawapa mgongo. Kalamu mbili zikamtekenya kwa pamoja, na mpaka leo hajui ipi ilitangulia.

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Kisha akampa Rais mafaili ya kupeleka kwa Waziri Mkuu, na yale ya kupeleka kwa Rais akampa Waziri Mkuu.

"Ni hatua arobaini na mbili tu, waheshimiwa," alisema, akaenda kufunga begi lake.