Ngoma Iliyokataa Kulia

Haya, leo nawaambia yote, kwa sababu hata nikinyamaza bado kuna watu wa kwaya yetu pale Liverpool, hapa Sydney, ambao wakiniona tu wanagonga meza na kutega sikio, halafu wanaanguka kwa kicheko, na nyinyi mnabaki kuuliza kuna nini. Kuna mimi. Mimi mwanamume wa miaka arobaini na moja, muuguzi, baba wa mtoto, tena mimi ndiye (msicheke bado) niliyekuwa nikiwaandikia wengine kwenye grupu la kanisa kwamba ndugu zangu, nchi hii haina mchezo na mizigo, msibebe chakula wala mbegu, mtatuaibisha.

Mwaka jana nilikuwa naenda Nairobi kwa harusi ya dada yangu. Wiki moja kabla ya safari akaja nyumbani Mama Furaha, kiongozi wa kwaya, mama wa Kikongo anayeishi Macquarie Fields, mpole, sauti ya kuombea wagonjwa. Akakaa, akanywa chai, akamaliza, ndipo akasema.

"Papa Wanja, dada yangu Esperance iko Nairobi na ngoma yetu ya kwaya, ile ya Uvira. Utaniletea tu hiyo ngoma. Haina hata kilo mingi."

Sasa, kwaya yetu wakati huo ilikuwa inapiga ndoo. Ndoo ya plastiki, ile ya rangi ya ukuta. Ningekataaje? Mke wangu akaniangalia, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ni ngoma tu, nitaiandika kwenye fomu, wataikagua, wataniachia, mimi najua sheria za hawa watu. (Ndiyo, nilisema hivyo, na mikono nikaifunga kifuani.)

Harusi ikaisha vizuri. Siku ya kurudi, Esperance akanikuta mlangoni pa uwanja wa ndege, ngoma ameshaivisha leso mbili na gunia na kamba, kama mtoto mchanga. Nikaibeba, mgongo ukalia.

"Mbona nzito hivi?"

"Ni mti ya kwetu, kaka. Mti ya kwetu ni ngumu sana."

Mimi Uvira sijawahi kufika, nitabishana na mtu kuhusu miti ya kwao? Nikaipeleka kwenye mizani pamoja na sanduku langu, ikakubali, nikapanda ndege nikalala.

Sydney tukatua asubuhi, saa nne hivi. Kwenye fomu nikatia alama kwa madaha, mbao ndiyo, ngozi ya mnyama ndiyo, nikapanga foleni ya ukaguzi kifua mbele. Nikampata mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwenye uzi shingoni, mpole kuliko hata Mama Furaha. Akaniuliza, "Mizigo hii yote umeifunga mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Ningesema hapana, ingekuwa hadithi ndefu, na nje kwaya nzima inanisubiri, na mimi nimechoka, nataka kuoga. Nikasema, "Ndiyo, mwenyewe."

"Na unajua kila kilichomo?"

"Kila kitu."

Akafungua kamba, akatoa gunia, akatoa leso, akaisifu ngozi, kweli ilikuwa nzuri. Akaigonga kwa vidole. Dup. Akaigonga tena. Dup. Kama mtu anayegonga mto.

"Inatakiwa kulia hivi?"

Mtu mwenye akili hapo angesema ukweli. Mimi nikasema, "Hii ni ngoma ya msiba. Inalia kwa huzuni."

Akamwita mwenzake, jamaa mwenye ndevu, ambaye (angalieni bahati yangu) mwisho wa wiki hupiga ngoma kwenye bendi. Huyo akafurahi kweli kweli, akasema hajawahi kuona ngoma ya msiba, hebu tupigie kidogo. Foleni yote nyuma yangu imegeuka kutazama. Nikapiga. Dup, dup, shwaaa. Nikapiga upande wa pili. Dup, shwaaa, kama mvua kwenye mabati. Hata mimi sasa nikajua humo ndani kuna kitu, lakini mdomo ulishanitangulia, nitaurudishaje? Basi nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka kwenye treni nafumba macho. Nikaanza kuimba. Pambio la kanisani, kwa sauti ya juu, ili lifunike ile shwaaa, na kadiri ngoma ilivyochezacheza ndivyo nilivyopandisha sauti, jasho linanitoka, na bibi mmoja kwenye foleni akaanza kunipigia makofi.

Katikati ya ubeti wa pili akatokea fukusi. Mdogo, mweusi, kapenya kwenye tundu la kamba, akatembea polepole juu ya kaunta nyeupe. Akafuata wa pili. Wa tatu akaja mbio. Nikaacha kuimba. Yule mama akavaa miwani yake, akainama, akawaangalia vizuri, kisha akaniangalia mimi.

"Na hawa pia uliwafunga mwenyewe?"

Wakaniingiza chumbani, wakaikata ngozi kwa kisu. Maharagwe, jamani! Mekundu, ya njano, yenye madoadoa, yakamwagika mezani mpaka sakafuni. Chini yake samaki wa kukaushwa ndani ya magazeti, na chini ya samaki, mfuko wa viwavi wakavu. Ombi langu la uraia lilikuwa limeshapita mtihani, nilikuwa nasubiri siku ya kiapo tu, na mimi nimesimama mbele ya afisa nimedanganya mara nne, mojawapo kwa wimbo.

Nikaketi, nikasema yote, kuanzia chai ya Mama Furaha mpaka mti ya kwetu. Machozi yalinitoka, sitawaficha. Yule mama akaandika, akatoka, akakaa muda ambao mimi niliuona kama mwaka mzima. Aliporudi akasema kwa kuwa ngoma yenyewe niliiandika kwenye fomu, na mwishowe nimesema ukweli, nitapewa barua ya onyo, ila nikirudia kujibu nisichokijua, viza yenyewe itakuwa mashakani. Maharagwe, samaki, viwavi na ngozi vikabaki kwenda kuharibiwa. Mti waliukagua kwa tochi, wakakuta ni mzima, wakanirudishia.

Nikatoka saa saba. Kwaya ilikuwepo yote, vitenge vya sare, ndoo yao, Mama Furaha akapiga kigelegele na wenzake wakapokea, halafu wakaniona vizuri, nimebeba ngoma haina uso, kama kikombe cha jitu, na vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Mama Furaha akanivuta pembeni. "Na maharagi?"

Nikamtazama. "Kumbe ulijua?"

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa ndiyo!"

"Si unaona? Tena wewe una uso ya mtu hajaiba hata sukari. Nikasema, huyu hawatamfungua."

Hapo nilipaza sauti mbele ya watu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mama wa umri wake. Nikamwambia habari ya uraia, ya onyo, ya mke na mtoto. Akawa hajui, kweli hakujua. Akaketi juu ya ile ndoo, mikono kichwani. Akasema yale maharagwe yalikuwa mbegu ya shamba la mama yao, aliyefia kambi ya wakimbizi, na yeye alitaka kuyapanda nyuma ya nyumba ayaone tu yakiota. Nilikaa Jumapili tatu bila kumpa mkono.

Jumapili ya nne alisimama mbele ya kanisa lote kuniomba msamaha, na kwa kuwa ni mtu wa haki hakuruka chochote, ngoma ya msiba aliitaja, wimbo aliuimba, dup na shwaaa alizionyesha kwa mikono. Mchungaji alilazimika kutoka nje kucheka. Nilimsamehe, ningefanya nini? Ngozi mpya ya mbuzi tuliipata kwa muuza nyama mmoja wa mtaa wa Auburn, ngoma sasa inalia mpaka majirani wanachungulia, na kiapo nilikula miezi mitano baadaye, yeye akiwa kiti cha mbele.

Lakini mzigo wa mtu sibebi tena, awe nani. Desemba nilipoenda Kenya, mama mkwe alinisindikiza hadi uwanja wa ndege akanikabidhi mfuko mzima wa njugu karanga, za binti yake. Kumkatalia mama mkwe siwezi, kupanda nazo ndege siwezi. Nikamshukuru, akaenda, nikatafuta benchi, nikazila zote mpaka ya mwisho, nikasafiri hadi Sydney nimeshika tumbo.